Rafadha Iliyonuka Mawese

Panya wa ghala la polisi la Rumonge walikuwa wameanza kula ushahidi.

Inspekta Émérance aligundua hilo Alhamisi asubuhi, saa mbili na nusu, alipoingia ghalani kwa kazi ndogo tu ya kubandika karatasi yenye namba kwenye rafadha ya ndege. Watu wa Rumonge waliiita elisi. Ilikuwa panga kubwa la mbao lenye mabawa mawili, refu kupita mtu na nusu, na mwaka 1916 iliivuta ndege ya majini ya Wabelgiji juu ya Ziwa Tanganyika. Sasa ilikuwa imeegemezwa ukutani kati ya baiskeli mbili zilizokamatwa, na ukingo wake mmoja wote ulikuwa na alama za meno, ndogondogo, mbichi.

Alichuchumaa. Kwa miaka mingi elisi hiyo ilitundikwa kwenye Kituo cha Kumbukumbu, ghala la pamba la zamani pale bandarini, pamoja na picha chache na kile kilichoitwa mtumbwi wa ndege, yaani kiatu kirefu cha mbao ambacho ndege ilikikalia ilipotua majini. Kituo hicho kilikuwa na panya wengi kuliko wageni. Mbona hawakuitafuna miaka yote hiyo, wakaja kuitafuna hapa kwa siku mbili?

Alipitisha kidole gumba kwenye ubao, akakinusa. Hakuhitaji kunusa mara ya pili. Mama yake kule Bugarama alilazimika kuutundika mwiko wake darini panya wasiutafune, kwa sababu ya harufu hiyo hiyo.

"Mawese," alisema peke yake.

Kwa kila mtu mwingine kesi ilikuwa imekwisha. Jumapili elisi ilipotea. Jumanne barua isiyo na jina iliwapeleka askari nyumbani kwa Mzee Asmani, mtunzaji wa Kituo, wakaikuta nyuma ya mikeka uani kwake. Jumatano naibu mwendesha mashtaka alitia saini hati ya kumpeleka gerezani. Na leo saa tano kamili, msafara wa magari utakapoondoka na wanajeshi wake kwenda Bujumbura, mzee naye angepandishwa garini na kupelekwa gereza kuu. Ulikuwa mwaka wa saba wa vita. Waliopelekwa huko walingoja kesi zao mpaka wakasahau walishtakiwa nini, na Asmani alikuwa na miaka sitini na minane na miguu iliyovimba. Hakuna mtu Rumonge aliyedhani angerudi.

Émérance aliomba mzee aletwe.

Asmani aliingia akijikokota, kofia yake nyeupe kichwani, pingu mikononi. Alisimama mlangoni, mwanga wa dirisha ukimpiga machoni.

"Umeamkaje, mzee?"

"Salama, mwanangu, tumshukuru Mungu. Ni miguu tu."

"Nina swali moja. Ile elisi ulikuwa unaipaka nini?"

"Kuipaka?" Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Ile haipakwi kitu, madamu. Iko na vernisi yake ya zamani, ile ya kung'arisha mbao. Kitambaa kikavu, kila Ijumaa kabla ya sala, miaka makumi mbili na mbili. Ukiipaka mafuta umeiua."

"Ulipokamatwa, walikuonyesha hii waliyoipata kwako?"

"Nani anionyeshe? Walinikutia sokoni, wakanifunga, wakasema imeonekana nyumbani kwako. Nikasema alhamdulillahi, hata kama naenda kufungwa, imeonekana."

Émérance alijisikia aibu, kwa niaba ya ofisi nzima. Kitu kinaibwa, kinapatikana, na mtu pekee anayekijua haulizwi kama ndicho. Alimshika mzee mkono, akamsogeza hadi ukutani.

Asmani alipitisha kidole gumba mahali bawa lilipokutana na kitovu. Akarudia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa tumbo, hata askari wa mlangoni akachungulia.

"Huyu si yeye," alisema. "Elisi yangu ni mbao saba zilizogundishwa, moja juu ya nyingine, kama kurasa za kitabu. Ukifumba macho unazihesabu kwa kidole. Hii ni gogo moja la mninga. Hii mistari mtu ameichora na musumari wa moto."

Émérance aliinama, akatazama, na kweli, mistari ilipita juu juu tu, haikuingia ndani ya mbao. Alitamani kupiga makofi. Badala yake alikwenda kwenye simu.

Naibu mwendesha mashtaka alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwa hiyo mzee aliiba moja, akachongesha ya pili," alisema. "Ongeza hilo kwenye faili."

"Shefu, mtu hawezi kuficha ya bandia uani kwake halafu..."

"Inspekta, nionyeshe ya kweli. Msafara ukishaondoka, jambo ni la Bujumbura, si langu wala lako."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika tano. Émérance alirudi kwa mzee akiwa na daftari.

"Funguo za Kituo ziko kwa nani?"

"Moja kwangu, moja kwa Bwana Casimir, direkta." Direkta huyo, mkuu wa Kituo, alikuwa ametumwa kutoka Bujumbura miezi sita iliyopita, na bado alitembea ufukweni na viatu vya kung'aa.

"Na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Barabarani. Nilikuwa naenda Nyanza-Lac, arusi ya mutoto wa dada yangu. Direkta alinisainia ruhusa, niondoke Jumamosi, nirudi Jumatano. Tukaondoka na msafara wa kusini, mbele barabara ikafungwa, tukalala ndani ya gari. Jumapili saa nane wakaturudisha. Nikasema wacha nipite Kituo nifungue madirisha. Nikakuta ukuta mutupu, nikakimbia hapa hapa polisi."

"Hakuna aliyejua kwamba utarudi Jumapili."

"Hata mimi sikujua."

Émérance aliandika hilo na kulipigia mstari. Mwizi alitegemea siku nne za nafasi, akapata moja na nusu. Ukuta ulikutwa mtupu kwa sababu elisi ya bandia, iliyopaswa kutundikwa pale bila mtu kujua, ilikuwa haijawa tayari. Jumanne ikawa tayari, na kwa kuwa kelele zilishapigwa, ikatupwa kwa mtu wa kusingiziwa ili msako ukome. Lakini ilicheleweshwa na nani? Mninga na mawese vina nyumba moja tu Rumonge, kwa mafundi wa mitumbwi. Hakuna fundi wa pale anayetoa kafi mkononi mwake bila kulisugua kwa mawese lisipasuke. Mkono umezoea, hata angechonga kijiko angekipaka.

Aliwasha pikipiki ya kazi, ikakohoa mara tatu, ikakubali.

Ufukweni hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Mwezi ulikuwa umejaa tangu wiki iliyopita, na mwezi ukijaa ndagala, dagaa wa ziwa hilo, hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wote walikuwa wamepumzika na mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani na kupinduliwa. Nyundo zililia kila upande. Wanaume walikuwa wakishindilia pamba iliyolowa mawese kwenye nyufa kwa patasi butu, kazi wanayoiita kukalafati. Émérance aliuliza kwa mafundi wawili nani wiki hii amechonga kitu kirefu cha mninga ambacho si kafi. Wote wawili walinyoosha kidole upande mmoja.

"Bahizire, Mukongomani. Lakini wahi, madamu, iko anaondoka."

Aliwahi. Mwisho wa ufukwe, wanaume wanne waliingia majini hadi magotini wakiwa wamebeba kitu kilichoviringwa mikeka, kirefu kupita mtu na nusu, wakikielekeza kwenye boti iliyokuwa imeshawashwa injini. Mtu wa tano, mfupi mwenye mabega mapana, alikuwa akiwahimiza.

"Simameni hapo! Polisi!"

Wakasimama. Émérance aliingia majini na viatu vyake, akatoa kisu, akakata kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkeka ukafunguka.

Ulikuwa msalaba.

Msalaba mzuri, wa mninga, uliochongwa mizabibu pembeni, na ukinuka mawese kama jikoni. Wabebaji walitazamana, mmoja akaanza kucheka, na wote wakamfuata.

"Ni musalaba ya kanisa yetu ya Gatete, madamu," alisema yule mfupi kwa upole. Ndiye alikuwa Bahizire, fundi kutoka upande wa Uvira. "Waamini banaingojea tangu Pasaka. Sasa banapaswa kulipia ushuru?"

Émérance alijihisi mjinga, maji yakimjaa viatuni. Lakini saa yake ilisema saa nne kasoro robo, na mjinga mwenye haraka hana muda wa kuona haya.

"Fundi, wiki hii umechonga kitu chenye mapanga mawili?"

"Ile feni?" Bahizire alijibu bila kusita hata kidogo. "Ndiyo. Feni ya buvette. Patron moja, mutu mukubwa, anafungua buvette ya kuuza bia, anataka feni kubwa ya kupamba ukuta. Kuko mubaya gani?"

"Patron gani?"

"Jina hakusema. Iko na miwani, anasema Kifaransa ya puani, viatu kama kioo. Hapana mutu ya hapa." Alitikisa kichwa. "Mutu ya hapa hawezi kuleta kazi mupya kwa mwezi mujaa. Nilimwambia, patron, angalia pwani, mitumbwi yote iko inje ya mayi, nitaanza na yako namna gani? Yeye alitaka Jumamosi. Jumamosi akakuya, kazi haiyaisha, akanifokea sana. Nikaimaliza Jumanne."

Kila neno liliingia mahali pake. Émérance alijizuia asimkatize, lakini mguu wake ulikuwa ukipiga mchanga.

"Vipimo ulivipata wapi?"

Bahizire aliwaacha wenzake na msalaba wao, akaenda chini ya kibanda chake, akarudi na kipande kirefu cha kadibodi kilichokatwa kwa umbo la bawa. Mtu alilaza kitu juu yake na kukizungushia kalamu. Émérance alikigeuza. Upande wa pili, kwa herufi za buluu zilizofifia, ulikuwa na saa za kufunguliwa kwa Kituo cha Kumbukumbu.

Jina halikuhitajika tena. Lakini kadibodi si elisi, na naibu alikuwa ameomba elisi. Wakati huo Casimir angeweza kuwa ameizika, ameichoma, ameivusha ziwa.

"Kumbuka vizuri, fundi. Hiyo Jumamosi, baada ya kukufokea, alisema nini?"

"Hakuna. Aliomba pamba kidogo na mawese, na nimuonyeshe namna ya kukalafati. Nikamuonyesha. Akafanya mubaya sana, lakini akaelewa."

"Kwani ana mtumbwi?"

"Madamu, mutu ya viatu ile?" Bahizire alicheka. "Hata ngambo ya ziwa hayavuka bado."

Émérance hakucheka. Alikuwa amesimama na kadibodi mkononi, mdomo wazi kidogo. Mtu asiye na mtumbwi anaziba nini?

Akalipata jibu, na likamchoma, kwa sababu saini ilikuwa yake mwenyewe. Jana mchana Direkta Casimir alikuja ofisini na barua ya kuruhusu vitu vya Kituo vihamishiwe Bujumbura kwa usalama mpaka vita viishe. Elisi ilikuwa ghalani kwa polisi, akasema, basi angechukua kilichobaki. Émérance alisaini bila kuinua macho kwamba kitu kimoja cha mbao, mtumbwi wa ndege, kipite kwenye msafara wa Alhamisi.

"Fundi, chukua patasi yako. Panda."

"Niende wapi?"

"Kukagua kazi ya mwanafunzi wako."

Pikipiki ilipita sokoni ikipiga honi mfululizo, ikakwepa mitungi ya mawese, mbuzi, na mama mmoja aliyeikaripia mpaka ikapotea kwenye kona. Kwenye njia ya kutokea mjini, magari yalikuwa yamepangwa zaidi ya thelathini, injini zikinguruma, mabasi madogo kwa malori, wanajeshi mbele na nyuma. Saa tano kasoro dakika kumi na mbili. Ndani ya pikapu ya tatu aliketi Mzee Asmani, pingu zake magotini. Kwenye lori la tano, juu ya magunia ya ndagala, kilikuwa kimelazwa kile kiatu kirefu cha ndege, mita nne, kimefungwa kamba. Casimir alikuwa mbele na dereva, miwani yake iking'aa.

Ajida Éphraïm, mkubwa wa msafara, alikuja na orodha yake mkononi.

"Madamu inspekta, mimi natoka saa tano. Barabara haiko salama alasiri. Sisubiri mutu."

"Nipe dakika tano, ajida. Nakagua lori moja."

Casimir alikuwa ameshashuka.

"Kuna shida gani? Karatasi umesaini wewe mwenyewe."

"Ndiyo, na ndiyo maana nimekimbia. Nataka kile kifunguliwe, direkta."

"Kifunguliwe?" Casimir aliwageukia watu walioanza kukusanyika, kama anayeomba mashahidi. "Kile ni kitu cha historia, kina miaka themanini na minne! Hakifunguliwi barabarani na fundi wa mitumbwi. Tena kifunguliwe nini? Ni mbao nzima, hakina ndani."

Bahizire alikuwa tayari juu ya magunia. Jua lilikuwa kali, na kwenye mshono mrefu wa mgongo wa kile kiatu, mafuta ya rangi ya machungwa yalikuwa yamelainika, yanachuruzika, na siafu wawili watatu walikuwa wameshapata habari.

"Patron," aliita fundi kutoka juu, bila hasira yoyote, "mutu hakalafati gogo."

Watu waliangua kicheko. Casimir aliinyooshea kidole pikapu ya tatu.

"Basi mzee ndiye aliyeziba. Ana ufunguo. Kama kuna kitu ndani, kakiweka yeye, usiku wa Jumamosi, mimi sikuwapo."

Alijua amesema vibaya kabla hajamaliza, maana pale hakuna aliyetaja Jumamosi.

"Usiku wa Jumamosi?" aliuliza Émérance taratibu. "Ajida, msafara wa kusini wa Jumamosi uliongozwa na nani?"

Ajida Éphraïm alikunja orodha yake. Alitembea hadi pikapu ya tatu, akamwangalia mzee usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Na mimi," alisema. "Muzee huyu alilala gari ya pili. Alinigawia chapati za arusi, zilikuwa bado moto." Akageuka kwa askari wake. "Muteremsheni."

"Kifungue wewe, mzee," alisema Émérance. "Wewe ndiye mtunzaji."

Walimsaidia kupanda kwenye magunia, miguu yake mibovu ikizama kwenye ndagala. Hakuomba pingu zitolewe. Alichukua patasi ya Bahizire kwa mikono yote miwili, akaichomeka kwenye mshono pole pole, akinong'ona kama anayemtoa mgonjwa bendeji. Pamba ilitoka kwa urefu, ya njano, inadondoka mafuta. Ubao wa juu uliinuka. Injini zilinguruma, mtu huko nyuma akapiga honi, na ajida akainua mkono bila kugeuka, honi ikakoma.

Asmani aliingiza mikono ndani hadi viwikoni. Akafumba macho. Midomo yake ilianza kutembea, na Émérance, aliyekuwa amesimama chini akiwa ameushika ukingo wa lori kwa nguvu, alijikuta anahesabu naye kimya kimya.

"...tano," alisema mzee. "Sita."

Kidole kiliendelea.

"Saba."

Kelele iliyopigwa pale ilifika bandarini. Émérance alipanda kwenye gurudumu, akafungua pingu za mzee, akamrushia ajida. Casimir hakukimbia, pande zote palikuwa na wanajeshi, na viatu vyake havikuwa vya kukimbilia. Alifungwa hizo hizo, akaketishwa kwenye pikapu ya tatu, mahali palipokuwa bado na joto la mzee. Ajida alifuta jina kwenye orodha, akaandika jingine juu yake, akatazama saa.

Msafara uliondoka saa tano na dakika mbili, lori la tano likiwa limebaki pembeni mwa barabara. Naibu angepigiwa simu, maelezo yangeandikwa, kadibodi ingepewa namba. Émérance alikuwa ameandaa sentensi nzima ya kumwomba mzee msamaha kwa niaba ya ofisi, akaanza kuitamka.

Asmani hakuwa anasikiliza. Alikuwa amepiga magoti juu ya ndagala, elisi yake imelala mapajani, na kwenye bawa la kushoto, mahali pamba ilipogusa, palikuwa na doa la mawese lenye upana wa kiganja.

"Nipeni kitambaa," alisema, mkono umenyooshwa nyuma bila kugeuza uso.

Bahizire akampa kile cha begani mwake. Mzee akakinusa, akakirudisha.

"Kikavu," alisema.

Émérance akavua bereti yake, akaiweka kwenye kiganja cha mzee.